Matokeo ya majaribio ya riadha Kenya: maswali ambayo watu hurudia kila msimu

Kila mwaka wenye Olimpiki au mashindano ya dunia, picha za karatasi za matokeo zikianza kuzunguka kwa simu, maswali ni yale yale, nani kaingia timu, hii herufi ni ya nini, mbona bingwa wa dunia hayupo. Nimeyakusanya hapa nikayajibu kama ninavyowajibu watu pale jukwaani. Mifano mingi ni ya uwanja wa Nyayo, Nairobi, Juni 14 na 15, 2024, majaribio ya kwenda Paris, kwa sababu siku zile mbili zilikuwa na karibu kila kitu.

## Mambo ya kwanza

1. Majaribio ndio yale mashindano ya taifa?

Hapana, ingawa wengi huchanganya. Mashindano ya taifa ni ya mikoa na taasisi, polisi wanaleta watu wao, jeshi wanaleta wao, magereza wao, na bingwa anatoka pale na taji lake la nchi. Majaribio yana kazi moja tu, kuchagua kikosi cha safari fulani. Mtu anaweza kuwa bingwa wa taifa mwezi huu na mwezi ujao akabaki nyumbani kwa sababu siku ya majaribio miguu ilikataa.

2. Kwa nini watu husema majaribio ya Kenya ni magumu kuliko Olimpiki yenyewe?

Hesabu ndio inasema hivyo. Kwenye Olimpiki nchi inaruhusiwa watu 3 tu kwa kila mbio, na Kenya kwenye mita 800, 1500, 5000, 10,000 na kuruka viunzi na maji ina watu kibao wenye uwezo wa kufika fainali ya dunia. Wote wanawekwa mstari mmoja siku moja halafu tunachukua watatu. Wa nne, ambaye kwa nchi nyingine angebeba bendera, anaenda kupanda matatu.

David Rudisha ndio mfano ninaopenda. Majaribio ya 2016 pale Eldoret, mtu mwenye rekodi ya dunia ya 1:40.91 alimaliza wa 3, nyuma ya Alfred Kipketer na Ferguson Rotich. Nafasi moja chini ya hapo angekuwa anangoja huruma ya wachaguzi. Akaenda Rio akashinda dhahabu kwa 1:42.15.

Na wapo ambao mlango uliwafungia kabisa. Daniel Komen alikosa timu ya Atlanta 1996, halafu Septemba mwaka huo huo akakimbia mita 3000 kwa 7:20.67, rekodi iliyokaa hadi 2024. Eliud Kipchoge alikosa timu ya London 2012 akiwa mtu wa mita 5000 na 10,000, mwaka uliofuata akahamia marathon, na yaliyofuata huko kila mtu anayajua. Kwa hiyo ukiona jina kubwa liko namba 7 kwenye karatasi usikimbilie kusema amekwisha.

3. Hufanyika wapi?

Inategemea uwanja gani uko tayari. 2016 ilikuwa uwanja wa Kipchoge Keino, Eldoret, 2021 Kasarani, 2024 Nyayo, na 2025 ikapelekwa uwanja wa Ulinzi, Lang'ata. Mahali panabadilisha muda kuliko watu wanavyodhani, soma swali la 8. Mbio za mita 10,000 zina hadithi yake, iko swali la 15.

## Kusoma karatasi yenyewe

4. Naanza kuangalia wapi?

Anza na namba ya kushoto kabisa, yaani nafasi. Hili nalirudia kila mwaka na bado watu wanaanza na muda. Majaribio ni mbio za nafasi. Anayekimbia pale hajali kama ni 3:34 au 3:40, anajali migongo mingapi iko mbele yake. Kengele ya lapu ya mwisho ikilia, ukiwa uwanjani usimwangalie anayeongoza, huyo mara nyingi kashamaliza kazi, mwangalie wa 3 na wa 4. Hapo ndipo mbio ilipo. Utaona wa 4 anageuza kichwa nje kutafuta njia, wa 3 anasikia viatu nyuma yake anakaza mabega, na wakishavuka wote wawili wanainama mikono magotini halafu wanainua macho polepole kwenye ubao, hakuna anayethubutu kushangilia kabla majina hayajatokea. Mimi sijawahi kuizoea hiyo sekunde.

Ukishajua nafasi ndio uangalie muda, na muda nao una maswali yake, 7 hadi 10.

5. Herufi za pembeni zinamaanisha nini?

DNS ni mtu hakuanza kabisa, jina lilikuwepo yeye hakuja mstarini. DNF alianza hakumaliza. DQ ameondolewa kwa kuvunja sheria, kwa mfano kuondoka kabla ya bastola au kukanyaga njia ya mwenzake kwenye kona. PB ni muda wake bora wa maisha, SB bora wa msimu huu, NR rekodi ya taifa.

Kwenye raundi za mwanzo utaona Q kubwa na q ndogo. Kubwa ni aliyefuzu kwa nafasi, ndogo ni aliyeokolewa na muda. Kwa hiyo mtu wa 5 kwenye kundi gumu anaweza kwenda fainali na wa 4 wa kundi la polepole akabaki, si uonevu.

Herufi A pembeni ya muda haina uhusiano na alama za mtihani! Inaonyesha mbio ilifanyika sehemu ya juu, zaidi ya mita 1000 kutoka usawa wa bahari. Hapa kwetu Nairobi na Eldoret karibu kila kitu kina A.

6. Wawili wana muda sawa kabisa, mbona mmoja amewekwa juu?

Kwa sababu kamera ya mwisho inaona zaidi ya kilichoandikwa. Karatasi inaandika mia ya sekunde, picha inasomwa hadi elfu. Fainali ya mita 100 Paris, Noah Lyles na Kishane Thompson wote ni 9.79 kwenye karatasi, lakini picha ilisema 9.784 na 9.789.

Na kinachohesabika ni kiwiliwili, yaani kifua. Kichwa hakihesabiki, mkono hauhesabiki, mguu ukitangulia haukusaidii. Ndio maana wanatupa kifua mbele hadi wengine wanaanguka. Jirani yetu Alphonce Simbu wa Tanzania alishinda marathon ya dunia Tokyo 2025 hivyo hivyo, baada ya kilomita 42 na mita 195 yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wote wakaandikiwa 2:09:48, ikabidi picha iamue. Marathon jamani! Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ikapatikana kwa kifua.

Mkiona pia saa ya kwenye skrini ilisema kitu kingine, ile inasimamishwa mtu wa kwanza anapokata mstari na si rasmi. Ngojeni picha isomwe.

## Muda, upepo na mwinuko

7. Mbona washindi wetu wana muda wa polepole kuliko tuliouona Ulaya?

Faith Kipyegon alishinda mita 5000 pale Nyayo 2024 kwa 14:46.28. Mwaka mmoja kabla alikuwa amekimbia Paris 14:05.20. Sekunde 41 hizo! Watu wakaanza kuuliza kama ni mgonjwa.

Hakuwa na shida yoyote. Ulaya kuna sungura wa kuvuta kasi, kuna taa za pembeni mwa njia zinazoonyesha mwendo, kuna hewa nzito ya chini. Majaribio hayana hayo, hakuna anayetaka kuvuta wenzake bure, kwa hiyo wanaenda kwa kuviziana hadi lapu mbili tatu za mwisho halafu moto unawaka. Ongeza na mwinuko.

8. Mwinuko unasaidia au unaumiza?

Vyote viwili, inategemea umbali. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1600, Eldoret inafika 2100 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo mtu wa mita 100 na 200 haimzuii sana anapokimbia na anafaidika. Mtu wa 5000 anahitaji oksijeni kwa dakika nyingi, haipati ya kutosha, analipa.

Mita 800 iko katikati lakini inaelemea upande wa kuumia, ndio maana Emmanuel Wanyonyi alipokata mstari wa Nyayo kwa 1:41.70 watu wanaoelewa mbio walishika vichwa. Alikuwa hajafikisha hata miaka 20. Kukimbia hivyo Nairobi, bila sungura, kwenye mbio ya kupigania nafasi, mimi naiweka juu ya mbio nyingi za Ulaya zilizosifiwa sana.

9. Ile 9.79 ya Omanyala inahesabika au ni ya upepo na mwinuko?

Inahesabika. Ferdinand Omanyala alikimbia 9.79 Nyayo tarehe 15 Juni 2024, upepo wa nyuma ulikuwa mita 1.5 kwa sekunde, na mwisho unaoruhusiwa ni 2.0. Mwinuko haufuti muda, unawekewa tu ile A ya swali la 5. Rekodi yake ya Afrika, 9.77, nayo aliiweka Nairobi, Kasarani Septemba 2021.

Ukiuliza kama angepata 9.79 hiyo hiyo kando ya bahari, hilo ni swali lingine na ni swali halali, rudi swali la 8 ujijibu.

Upepo wenyewe unapimwa kwenye mita 100, 200, viunzi vifupi, kuruka mbali na kuruka mara tatu. Ukizidi 2.0, ushindi unabaki wako na nafasi inabaki yako, lakini muda huo hauwezi kutumika kama muda wa kufuzu wala rekodi.

10. Kijana wetu alikimbia vizuri sana mashindano ya huku kaunti, saa ya mkononi, mbona hawamtambui?

Kwenye mbio fupi hadi mita 800 muda wa mkononi haukubaliki kufuzia. Kidole cha mtu kinachelewa kubonyeza moto unapotoka kwenye bastola, na kinawahi kubonyeza mwishoni, kwa hiyo muda unatoka mtamu kuliko ukweli. Inauma, kwa sababu viwanja vingi vya huko nje havina mashine, na kijana mwenye kasi ya kweli anaweza kukosa karatasi ya kuthibitisha. Kwa maoni yangu hapa ndipo tunapoteza wakimbiaji wengi wa mbio fupi. Wa mbio ndefu anaenda zake barabarani wanamwona, huyu wa mita 400 asipopata mashine ya umeme hayupo.

## Nani anaingia timu

11. Ukishinda majaribio umeshaingia?

Si lazima. Unahitaji vitu viwili, nafasi na muda wa kufuzu uliowekwa na World Athletics, shirikisho la riadha la dunia. Kwa Paris wanaume walihitaji 10.00 mita 100, 1:44.70 mita 800, 3:33.50 mita 1500 na 13:05.00 mita 5000. Wanawake 11.07, 1:59.30, 4:02.50 na 14:52.00.

Muda huo si lazima uupate siku ya majaribio. Beatrice Chebet pale Nyayo alikuwa wa 2 nyuma ya Kipyegon kwa 14:52.55, ambayo ni polepole kuliko 14:52.00, ukisoma karatasi peke yake utasema hakufuzu. Lakini muda alishakuwa nao siku nyingi, alichokuwa anatafuta pale ni nafasi. Miezi miwili baadaye akashinda dhahabu ya hizo hizo mita 5000.

Mlango wa pili ni orodha ya ubora wa dunia, nafasi zinazobaki baada ya wenye muda zinajazwa na walio juu kwenye orodha hiyo. Kwa mbio zetu ndefu haitusaidii sana maana wenye muda tunao wa kumwaga, kwa mbio fupi na wa kurusha na kuruka ndio inaokoa watu.

12. Wa tatu ana uhakika?

Utaratibu ambao umezoeleka kwa Athletics Kenya, shirikisho letu la riadha, ni wawili wa kwanza waingie moja kwa moja wakiwa na muda, na nafasi ya tatu wachaguzi wawe na neno. Mara nyingi wanamchukua aliyemaliza wa 3. Siku nyingine wanamwangalia mwenye jina aliyekuwa na jeraha. Kelele zote mnazozisikia jioni ya pili zinatoka hapo.

Mimi binafsi niko upande wa aliyekimbia. Mtu akishamaliza wa 3 na muda anao, mpeni. Lakini naelewa pia hoja ya upande ule mwingine, na kisa cha swali la 14 kinaipa nguvu.

13. Mbona wengine hawakimbii majaribio na bado wanaenda, na wakati mwingine tunapeleka wanne?

Hiyo ni mashindano ya dunia tu, Olimpiki haipo. Bingwa mtetezi wa dunia anapewa nafasi yake mwenyewe, nje ya zile 3 za nchi, kwa hiyo tunapeleka wanne. Mshindi wa Diamond League, ule msururu wa mashindano ya kila mwaka, anaweza kupewa pia, ila kama wote wawili ni wa nchi moja na mbio moja, nchi inachagua mmoja.

Mary Moraa alishinda mita 800 za mashindano ya dunia Budapest 2023 kwa 1:56.03, kwa hiyo Tokyo 2025 alikuwa na nafasi yake na nyingine 3 zikabaki wazi. Aliyeondoka na dhahabu Tokyo akawa Lilian Odira, 1:54.62.

Marathon nayo haina majaribio ya uwanjani hapa kwetu, timu inatajwa na wachaguzi kwa kuangalia matokeo ya miji mikubwa.

## Yenye utata

14. Mtu alikuwa ndani ya tatu bora, akaachwa, wa nne akachukuliwa. Alifanya kosa gani?

Inawezekana hakufanya kosa lolote. Kenya iko kwenye kundi la nchi zinazochungwa zaidi kwa dawa za kututumua misuli, na mwanariadha wa kundi hilo lazima awe amepimwa angalau mara 3 nje ya mashindano, bila kuambiwa mapema, ndani ya miezi 10 kabla ya safari, na vipimo viachane angalau wiki 3. Asipofikisha vipimo hivyo hasafiri, hata awe msafi kama maji ya chemchemi. Kabla ya Olimpiki ya Tokyo wanariadha 10 wa Nigeria walizuiwa kwa sheria hii.

Kwetu iligusa mita 1500 mwaka 2021. Kamar Etyang, kijana mdogo, alimaliza ndani ya tatu bora Kasarani, vipimo vikawa havijatimia. Timothy Cheruiyot, bingwa wa dunia wa 2019, alikuwa wa 4. Akaitwa achukue nafasi, akaenda Tokyo akarudi na medali ya fedha kwa 3:29.01. Nilifurahi kwa Cheruiyot na nikaumia kwa yule kijana, vyote kwa pamoja. Wazazi na makocha mnaosoma hapa, mtoto akianza kukimbia muda mzuri ulizeni mapema kama yuko kwenye orodha ya kupimwa. Miezi 10 haikimbizwi.

15. Majaribio ya mita 10,000 ya 2024 yalifanyika Marekani kweli? Na matokeo yake yanasomwaje kama kulikuwa na wageni?

Kweli, Eugene, Mei 25, 2024, ndani ya mashindano ya Prefontaine Classic. Sababu unaipata ukisoma swali la 8, muda wa kufuzu ulikuwa 27:00.00 kwa wanaume na 30:40.00 kwa wanawake, na kuupata Nairobi ni kazi ya ajabu.

Wageni unawaruka kwenye kuhesabu. Wanawake, Chebet alikuwa wa 1 kwa 28:54.14, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 29. Wa 2 alikuwa Gudaf Tsegay wa Ethiopia, wa 3 Lilian Kasait Rengeruk. Kwa hiyo Rengeruk ni wa 3 kwenye mbio lakini wa 2 kwenye majaribio yetu, na Margaret Chelimo aliyekuwa nyuma yake ndio wa 3 wetu.

Wanaume msiniambie hamkuona. Daniel Mateiko 26:50.81, Nicholas Kimeli 26:50.94, Benard Kibet 26:51.09. Lapu 25, na kati ya wa kwanza na wa tatu kuna sekunde 0.28. Piga kope.

16. Mtu akishinda mbio mbili, anaziba nafasi ya mwingine?

Akiamua kukimbia zote mbili, ndio, nafasi ni zake. Kipyegon 2024 alishinda 5000 na 1500 (3:53.98) ndani ya majaribio yale yale na akakimbia zote Paris, dhahabu ya 1500 na fedha ya 5000. Akiachia moja, anayefuata mwenye muda anapanda. Kwa hiyo wa 4 asikate tamaa hadi orodha ya mwisho itumwe.

17. Mtu wetu alisukumwa akaanguka, kuna la kufanya?

Kuna rufaa, ila haraka, malalamiko juu ya kilichotokea kwenye mbio yanapelekwa ndani ya dakika 30 tangu matokeo yatangazwe rasmi. Kulia mitandaoni kesho yake hakusaidii. Rufaa inafanya kazi kweli, ile fedha ya Kipyegon ya Paris kwanza waliiondoa kwa kusukumana na Tsegay, Kenya ikakata rufaa, akarudishiwa usiku ule ule.

18. Matokeo ya majaribio yanatabiri medali?

Nusu nusu. Wanyonyi alitoka Nyayo na 1:41.70, akashinda Paris kwa 1:41.19, sehemu moja tu ya mia ya sekunde mbele ya Marco Arop. Kipyegon alitetea taji lake la 1500. Lakini Omanyala aliyekuwa na 9.79 Juni alitoka nusu fainali Agosti kwa 10.08, na dhahabu ilienda kwa muda wa 9.79 ile ile. Miguu ya Juni si ya Agosti, na nusu fainali ya Olimpiki haina mtu wa kukusubiri.

Jumla Kenya ilirudi na medali 11, dhahabu 4, fedha 2, shaba 5. Zile shaba mbili za Benson Kipruto na Hellen Obiri ni za marathon, kwa hiyo kwenye karatasi ya Nyayo usiwatafute, hawamo.